Darubini ya Krapf, waya wa Wakamba na sinthesaiza yangu ya chipu moja

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazi ya kuandika programu za watu imenibana, na muda uliobaki nimeutumia vibaya: kulehemu vipuri usiku na kutazama bei za lenzi kuukuu mchana. Wale wanaonisoma tangu zamani wanajua nina magonjwa mawili yasiyo na dawa, sinthesaiza za kujitengenezea na lenzi za kamera. Mwezi huu nilikuwa nimeweka akiba ya kutosha ugonjwa mmoja tu. Ama ninunue lenzi ndefu, ama ninunue vipuri vya kumalizia sinthesaiza.

Nikaenda Kitui kumsalimu mjomba, nikidhani huko nitatulia niamue. Badala yake nimerudi na historia. Ngoja niwasimulie, maana imenishughulisha kuliko kazi ninayolipwa.

Sababu ya kutaka lenzi ndefu ni moja. Asubuhi yenye anga safi, hasa baada ya mvua za mwisho wa mwaka, ukisimama kwenye vilima vya Kitui unaweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini-magharibi. Si mkubwa. Ni kijipande cheupe juu ya ukungu, na jua likishapanda kidogo unapotea. Nilitaka kuupiga picha kutoka huko huko Kitui, si kutoka Nanyuki ambako kila mtalii ameupiga.

Nilipomweleza mjomba, akacheka. "Kwani huo mlima unahitaji ushahidi?" akaniuliza. "Sisi tumeuona tangu tuzaliwe."

Swali lake si dogo. Kuna wakati mlima huo ulihitaji ushahidi kwelikweli, na kisa chenyewe kilitokea hapo hapo Kitui.

Mtu mwenye darubini

Johann Ludwig Krapf alikuwa mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la kanisa la Uingereza, CMS. Alifika Mombasa mwaka 1844. Wengi tunamfahamu kwa sababu ya lugha: kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mwenzake, Johannes Rebmann, aliuona Kilimanjaro na theluji yake tarehe 11 Mei 1848.

Mwaka uliofuata Krapf alifunga safari kutoka Rabai kwenda Ukambani. Alipitia Kikumbulyu, yaani upande wa Kibwezi, Makueni ya leo, akaendelea hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilijulikana hadi pwani. Kivoi ndiye aliyemwambia kwamba kuna mlima mwingine mweupe upande wa kaskazini. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, Krapf akauona: ukuta mkubwa wenye vilele viwili kama pembe.

Jina aliloliandika lilitokana na matamshi ya Wakamba: Kima ja Kegnia. Kiima kwa Kikamba ni mlima. Wakikuyu husema Kirinyaga, Wakamba husema Kiinyaa. Maelezo yanayosikika sana Ukambani ni kwamba jina hilo linahusiana na mbuni, ndege mwenye manyoya meusi na meupe, kama miamba na theluji ya kilele. Kutoka kwenye daftari la Krapf jina likaingia kwenye ramani, na mwaka 1920 nchi nzima ikapewa jina la Kenya. Kwa hiyo msomaji wangu, ukiandika "Kenya" kwenye fomu yoyote ile, unaandika sikio la Mjerumani likisikiliza kinywa cha Mkamba.

Lakini huko London hawakuamini. William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alishakataa theluji ya Rebmann, na hii ya Krapf nayo akaikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Ilibidi kusubiri hadi 1883 Joseph Thomson alipoona mlima kwa macho yake, na 1887 Count Teleki alipopanda hadi zaidi ya mita 4,000. Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, mita 5,199, tarehe 13 Septemba 1899, na msafara wake ulikuwa na kamera. Kutoka Kivoi hadi Mackinder ni miaka 50.

Krapf hakuwa na kamera, lakini darubini alikuwa nayo. Tunajua kwa sababu ya kisa kibaya. Mwaka 1851 alirudi Ukambani, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Wakavamiwa njiani, Kivoi akauawa, Krapf akakimbia porini peke yake. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha maji. Akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini na kwenye mitutu ya bunduki yake, akatembea hivyo kurudi. Miiba ikamwagia yale ya kwenye mfuko. Mimi ninayelia ovyo kila mfuko wangu wa kamera unapoingia vumbi la Mutomo, nilinyamaza niliposoma habari hiyo.

Je, angekuwa na kamera?

Hapa ndipo akili ya mtengeneza programu ilipoanza kuwasha. Kamera zilikuwapo. Njia ya Daguerre ilitangazwa Paris mwaka 1839, miaka 10 kabla ya Krapf kufika Kitui. Picha ilitokea kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, likafukizwa kwa mvuke wa zebaki. Tuseme wapagazi wake walibeba vyote hivyo kutoka Rabai. Je, Cooley angenyamaza?

Twende kwenye hesabu. Kutoka mji wa Kitui hadi kilele ni takriban kilomita 155 kwa mstari ulionyooka. Tuchukue sehemu ya juu kabisa, ile ya miamba na barafu, tuseme mita 500. Kanuni ni rahisi: ukubwa wa picha ni urefu wa fokasi ya lenzi ukizidisha na ukubwa wa kitu, kisha ugawanye kwa umbali.

- Lenzi ya milimita 50: 50 × 500 ÷ 155,000 = milimita 0.16.
- Lenzi ya milimita 200: milimita 0.65.

Ndiyo, umesoma vizuri. Kwa lenzi ya kawaida, theluji yote iliyowagombanisha mabwana wa London ni chini ya moja ya tano ya milimita. Kwenye sensa ya kamera yangu, ambayo pikseli yake ina upana wa takriban maikromita 4, hizo ni pikseli 40 tu kwenda juu. Kwa lenzi ya milimita 200 zinakuwa 160, na hapo angalau unapata kitu cha kumwonyesha mtu.

Kwa macho matupu, zile mita 500 ni chini ya nusu ya upana wa mwezi mpevu. Jicho zuri linaona. Bamba la 1849 lingeonyesha doa, na doa hilo Cooley angeliita wingu. Lenzi za telefoto, zile zinazokuza bila kuwa na mwili mrefu kama bomba la maji, zilibuniwa mwaka 1891, Thomas Dallmeyer Uingereza na Adolf Miethe Ujerumani kila mmoja kwa njia yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Kamera isingemsaidia. Ushahidi uliokuwapo mwaka 1849 ulikuwa Kivoi na watu wa Kitui waliokuwa wakiuona mlima kila msimu, na ambao London haikuwahesabu kama ushahidi.

Kosa langu la milimita moja

Kabla hamjaniona mjuaji, nikiri upumbavu wangu. Lenzi niliyoitaka nilikuwa nimeshaipata kwa mkopo wa kujaribu: Super-Takumar ya milimita 200, f/4, ya Asahi wa Japani, yenye mlango wa kuzungusha wa M42. Ni nzito, ya chuma, na pete yake ya fokasi inazunguka kama imepakwa siagi. Kamera yangu ni Nikon. Nikanunua adapta nyembamba isiyo na kioo, nikaenda nayo Kitui, nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikapanda kilima, mlima ukajitokeza. Nikazungusha fokasi hadi mwisho.

Ukungu mtupu! Mti ulio mbele ya nyumba ya mjomba ulionekana safi. Mlima ulikuwa uji.

Kosa ni langu, sikupiga hesabu. Lenzi ya M42 inataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu au sensa. Mlango wa Nikon uko milimita 46.5. Tofauti ni takriban milimita 1, na lenzi ikikaa mbele kuliko inavyotakiwa, haifiki tena kwenye umbali usio na mwisho. Mbali kabisa inapoweza kuona ni takriban urefu wa fokasi ukijizidisha wenyewe, ukigawanya kwa ile tofauti: 200 × 200 ÷ 1.04, yaani kama mita 38. Nilitaka kilomita 155!

Canon EF ni milimita 44, kwa hiyo adapta ya M42 inaingia bila shida, na kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani zina nafasi tele. Wenye Nikon ya zamani kama mimi, nunueni lenzi ya mlango wa Nikon na muache ujanja. Lenzi huwezi kuitengeneza nyumbani. Nimejaribu kufikiria njia kila upande. Kusaga kioo kwa usahihi wa sehemu ya maikromita si kazi ya mezani kwangu.

Waya

Sinthesaiza unaweza. Ndiyo maana nazipenda.

Hapa tena Ukambani kuna historia inayonifurahisha. Misafara ya Wakamba ya karne ya 19 ilipeleka pembe pwani na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Waya ule haukuishia kuvaliwa ulivyokuja. Mafundi wa Kikamba waliuvuta ukawa mwembamba zaidi, wakafuma mikufu myembamba iliyosifiwa hata nje ya Ukambani. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi na Wakamba miaka ya 1911 na 1912, aliandika juu ya ufundi huo katika kitabu chake ambacho chapa yake ya pili ilitoka 1920.

Sasa fikiria waya mwembamba wa shaba unafanya nini kwenye muziki. Uzungushe maelfu ya mara kwenye sumaku, unapata pikapu ya gita la umeme. Uzungushe kwenye koni ya karatasi mbele ya sumaku, unapata spika. Benga ya Kikamba yote imepita humo: Kakai Kilonzo (1954–1987) na Kilimambogo Brothers wake, Lower Mbooni Boys, na Original Kyulu Boys waliojiita kwa jina la vilima vya Chyulu vya huko Makueni. Magita yanayopishana kwa kasi, besi na ngoma.

Na kuna waya mwingine. Kabla ya kanda za plastiki kuenea, sauti ilirekodiwa kwenye waya wa chuma uliotiwa sumaku. Mwaka 1944 huko Cairo, kijana Mmisri anayeitwa Halim El-Dabh aliazima mashine ya namna hiyo kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi wanawake kwenye sherehe ya zaar, ngoma ya kupunga mashetani. Akarudi studio, akazikata sauti zile, akaondoa mitetemo ya chini, akaongeza mwangwi, hadi kikabaki kitu ambacho hakikuwa tena sauti ya mtu wala ya ngoma. Pierre Schaeffer wa Paris, ambaye vitabu vingi vilimpa heshima ya kuanzisha muziki wa namna hiyo, alianza 1948. Miaka minne baadaye!

El-Dabh alifika pia upande wetu huu: mwaka 1963 alianzisha Orchestra Ethiopia mjini Addis Ababa. Alifariki 2017, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa kwenye historia ya muziki wa elektroniki. Nilipolisoma hili nilimkumbuka Kivoi. Aliyetangulia yupo na kazi yake ipo, lakini anayeshika kalamu yuko kwingine.

Ukambani kuna kilumi, ngoma ya akina mama wazee ya kuomba mvua na kuponya, yenye pepo wake pia. Kila nikisikia habari za zaar nafikiria kilumi. Ndiyo sababu sinthesaiza yangu haina kibodi ya piano. Nilitaka iwe ya kugonga na kuvuma.

Mashine yenyewe

Kwa wanaotaka kujaribu, moyo wake ni chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 kwa kampuni ya Signetics. Ni chipu ya saa, haikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Unaiunganisha na rezista mbili na kapasita moja, inaanza kujaa na kumwaga umeme bila kuchoka, na ukiipa spika unasikia sauti. Kanuni ya sauti yake ni hii:

f = 1.44 ÷ ((R1 + 2 × R2) × C)

Weka R1 ya kilo-omu 1, R2 ya kilo-omu 10, na C ya nanofaradi 100, unapata mitetemo kama 686 kwa sekunde. Badala ya R2 weka kitufe cha kuzungusha cha kilo-omu 100 na rezista ya kilo-omu 1 mbele yake, unashuka hadi 71 na kupanda hadi 4,800. Hiyo ni ngoma hadi filimbi kwa kipande kimoja. Vipuri vyote nilivipata Luthuli Avenue, Nairobi, na bei yake haikufika ya chakula cha mchana cha mtu na mgeni wake.

Robert Moog alipotoa sinthesaiza yake mwaka 1964, jambo kubwa alilofanya lilikuwa kuitawala sauti kwa volti: volti 1 zaidi, sauti inapanda oktavu moja. 555 haina adabu hiyo. Tena ina adui mwingine ambaye Moog naye alimjua vizuri: joto. Niliipatanisha usiku Nairobi na gita, nikaiwasha Kitui saa nane mchana, ikawa imeteleza. Binamu yangu mpiga gita akaniangalia kwa huruma. Dawa yake ni kuacha kapasita za seramiki za bei rahisi, ambazo thamani yake hubadilika na joto, na kutumia za plastiki ya poliesta au bora polipropilini, pamoja na rezista za filamu ya chuma. Tangu nibadilishe inatulia.

Lenzi ya tatu

Jioni ile ya kosa la adapta nilimwonyesha mjomba kwenye kioo cha kamera picha iliyopigwa na simu, ile yenye pikseli chache. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kisha akasema taratibu: "Mwanangu, hata ule wa kweli sijauona mwaka wa pili sasa."

Nilikuwa sijui. Nilifikiri kutembea kwake kwa kupapasa ukuta ni uzee. Tulipompeleka kupimwa wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi yake mwenyewe, ile ya kuzaliwa nayo, imepata ukungu. Dawa ya matone haiisafishi. Inatolewa, inawekwa ya plastiki, yenye upana wa milimita 6 hivi.

Na hapa historia ikanishtua tena. Mtu wa kwanza kuweka lenzi ya kutengenezwa ndani ya jicho ni daktari Harold Ridley, London, tarehe 29 Novemba 1949. Alikuwa amewaona marubani wa vita waliochomwa jichoni na vipande vya dirisha la ndege, akagundua kwamba jicho linaivumilia plastiki ile. Madaktari wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi, kama Cooley alivyowapinga wamisionari wa Rabai. Linganisha tarehe hiyo na 3 Desemba 1849. Zimepungua siku nne tu kutimia miaka 100 tangu Krapf asimame Kitui.

Basi akiba yangu imepata kazi. Super-Takumar nimeirudisha kwa mwenyewe, na vipuri vya sinthesaiza vitasubiri. Jicho la kwanza la mjomba limeshafanyiwa, la pili litafuata. Nauli na malazi vilikula zaidi ya nilivyopanga, lakini nimenunua lenzi, na hii haihitaji adapta.

Desemba ikija, mvua ikikatika, tutapanda kilima sote wawili. Nitabeba lenzi yangu ya milimita 50 na zile pikseli 40 zake. Akiuona yeye, mimi nitaandika kwamba umeonekana, nanyi mtaniamini au mtaacha.

Haya, nimesema mengi leo. Anayejua mahali pa kupata kapasita za polipropilini kwa bei ya kibinadamu anijulishe. Tuonane tena.